"Ni Uzee Tu": Historia ya Sentensi Iliyotaka Kunipokonya Shosho

Wasee, leo sina mzaha. Wale mnanifuata kitambo mnakumbuka ile klipu ya shosho wangu na maziwa. Watu laki tatu na kitu waliiona. Nimeifuta. Wengi mmeniuliza kwa nini, na jibu ni refu: linaanzia kwa nyumba yetu Githurai, linapita New York na London na Glasgow, halafu linarudi hapa. Kaeni.

Kwanza klipu yenyewe. Mimi ndiye kijana wa kwanza wa mbuyu, na kwa desturi ya Wakikuyu huyo hupewa jina la guka. Ndiyo maana tangu nizaliwe shosho ananiita "mzee wangu." Ni utani wetu, kila mtu kwa familia anaujua. Sasa mwaka jana alikuja kutoka Kinangop kukaa na sisi kidogo. Ana miaka 81. Jioni moja ananikazia macho: "Mzee wangu, maziwa umepeleka? Gari likituacha leo utanijua." Nikadhani ni utani ule ule. Nikatoa simu, nikajibu na sauti nzito ya guka: "Tulia mama, sijamaliza kukama." Akanigombeza dakika mbili nzima juu ya ng'ombe ambao waliuzwa kabla mimi sijaanza shule. Nyumba nzima ikacheka. Nikapost.

Kitu sikujua ni kwamba shosho hakuwa anatania.

Siku chache baadaye alianguka akienda choo usiku. Tukampeleka hospitali moja, jina nitaweka kwangu. Daktari alimwona kama dakika nne. Hakumgusa mguu. Aliuliza umri, akaandika dawa ya maumivu, halafu akamwambia mathe, si shosho mwenyewe: "Huyu ni mzee. Huu ni uzee tu." Na niwaambie ukweli, tulirudi nyumbani tukiwa tumetulia. Nani atabishana na miaka 81?

Akaanguka tena. Safari hii tulienda hospitali nyingine, akalazwa. Asubuhi akaja mwanafunzi wa udaktari, msichana wa rika langu, koti jeupe limemzidi mabega. Alivuta kiti akakaa, macho yake yakawa sawa na ya shosho. Akamsalimia, akamwita cucu, akamuuliza yeye mwenyewe anaumwa wapi. Kisha akatuomba vitu viwili. Cha kwanza: tulete dawa zote zilizo nyumbani, si orodha, dawa zenyewe kwa mfuko. Cha pili kilikuwa swali: "Huku kuchanganyikiwa kulianza lini?"

Mathe akasema imekuja polepole, si unajua uzee. Mimi nikatoa simu. Nilikuwa na klipu ya tarehe 4, shosho anahesabu chenji ya sukuma wiki na kumkamata mama mboga na shilingi kumi. Klipu ya maziwa ilikuwa ya tarehe 17. Yule mwanafunzi alitazama zote mbili, mara mbili mbili. Hakucheka hata kidogo. Akasema, "Hii si polepole. Hii ni wiki mbili."

Mfuko ulipofika aliumwaga juu ya kitanda. Kulikuwa na pakiti mbili zenye majina tofauti, lakini kwa maandishi madogo chini ya jina dawa ilikuwa moja, ya presha. Moja ilitoka kliniki ya Kinangop, nyingine alipewa Nairobi. Shosho alikuwa anameza zote. Pia kulikuwa na tembe za kuwashwa, zile za zamani zinazoleta usingizi, alizonunua kwa kemisti akaendelea nazo kila usiku kwa sababu analala vizuri. Mwanafunzi akampima presha akiwa amelala, halafu akamsimamisha akapima tena. Ilishuka vibaya. Akaenda kumwita daktari wake mkuu, na dawa zikapunguzwa siku hiyo hiyo.

Baada ya kama wiki moja shosho aliniangalia akaniambia, "Mzee wangu, hiyo ndevu utanyoa lini?" Nikaogopa. Nikamuuliza guka yuko wapi. Akaniangalia venye unaangalia mjinga. "Kwani wewe hukuwa kwa mazishi?"

Nilitoka nje nikalia kwa parking kama mtoto.

Nani alimfunza daktari kusema hivyo?

Kitu kilinisumbua ni hiki. Kati ya yule daktari na yule mwanafunzi, aliyesoma miaka mingi zaidi ni daktari. Sasa mwanafunzi alijuaje? Nilimuuliza kwa koridoo. Akaniambia wana mwalimu mmoja ambaye haruhusu neno "uzee" liandikwe kama ugonjwa hadi umalize kuangalia kila kitu kingine. Mwalimu mmoja. Yaani shosho wangu aliokolewa na bahati ya nani alifundisha nani.

Mimi niliacha campo mwaka wa pili, nilikuwa nasomea biashara. Sina cheti cha kuongelea udaktari. Lakini kusoma bado najua, kwa hivyo nikaanza kutafuta hiyo sentensi imetoka wapi.

Kumbe ni ya zamani, na kuna mtu aliisikia akiwa mwanafunzi kama huyo msichana. Anaitwa Ignatz Nascher. Alizaliwa Vienna mwaka 1863, akakulia New York. Siku moja akiwa bado anasomea udaktari alienda na mwalimu wake kwenye nyumba ya kutunzia maskini. Bibi mmoja mzee akawajia akichechemea, akalalamika maumivu. Nascher akauliza ana ugonjwa gani. Akajibiwa ni uzee, na hakuna la kufanya.

Soma hapo tena. Hilo lilikuwa somo. Mwalimu, mgonjwa, mwanafunzi, na funzo la siku: hakuna la kufanya. Hivyo ndivyo sentensi inasafiri miaka mia na zaidi bila kuandikwa kwa kitabu chochote.

Nascher hakuikubali. Hoja yake ilikuwa rahisi: tumekubali kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa, ndiyo maana watoto wana madaktari wao. Basi mzee naye si mtu mzima aliyechakaa. Uzee ni hatua ya maisha, na ndani ya hiyo hatua kuna magonjwa, na magonjwa yanatafutwa na kutibiwa. Mwaka 1909 akaunda jina kutoka maneno ya Kigiriki, moja la uzee na lingine la uganga: jeriatriki. Mwaka 1914 akatoa kitabu kizima. Jina likashika, lakini vyuo havikubadilika kwa sababu ya jina.

Mzee asiyeonekana na mwanafunzi

Ukitaka kujua kwa nini, angalia Uingereza ya miaka ya 1930. Hospitali kubwa zilizokuwa zikifunza wanafunzi zilichagua wagonjwa: waliougua ghafla, waliohitaji upasuaji, wale ambao kesi zao zinavutia. Mzee aliyepooza au kuchanganyikiwa alipelekwa kwingine, kwa zile nyumba za maskini za serikali, akalazwa hapo hadi afe. Kwa hivyo mwanafunzi angeweza kumaliza masomo yote bila kufundishwa kando ya kitanda cha mzee hata siku moja. Hakuna mtu alipanga kuwachukia wazee. Waliwekwa tu mahali ambapo masomo hayafiki.

Sasa kuna dada mmoja, Marjory Warren. Alikuwa daktari katika hospitali ya West Middlesex, London, na kazi aliyoipenda ilikuwa upasuaji. Mwaka 1935 hospitali yao ilikabidhiwa jengo la jirani, moja ya hizo nyumba za maskini, lenye mamia ya wagonjwa wa muda mrefu. Akaambiwa awaangalie. Buda, hiyo haikuwa cheo, ilikuwa ni kama kupewa stoo.

Alichofanya kinachekesha kwa urahisi wake: aliwapima. Mmoja mmoja, wote. Akakuta kiharusi ambacho hakikufanyiwa mazoezi, mifupa iliyovunjika, miguu iliyokauka kwa kulazwa tu, watu wasio na ugonjwa wa akili wakikaa pamoja na waliochanganyikiwa. Akawagawa kwa mahitaji yao. Akabadilisha wadi: rangi, mwanga, viti vya kumfaa mzee kusimama, vyuma vya kushika ukutani. Akaleta watu wa mazoezi ya viungo na wafanyakazi wa kijamii wafanye kazi pamoja na madaktari na manesi. Na watu ambao walikuwa wameandikwa wa kufia kitandani wakaanza kusimama, na wengi wakaenda nyumbani.

Hicho kitanda chenyewe kilikuwa sehemu ya tatizo. Mwaka 1947 daktari mwingine wa London, Richard Asher, aliandika kwa jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu hatari za kumlaza mtu muda mrefu: damu inaganda, misuli inaisha, mifupa inadhoofika, ngozi inapata vidonda. Yaani unamlaza mzee juu ni mdhaifu, halafu anakuwa mdhaifu juu umemlaza, halafu unasema ni uzee.

Lakini sehemu ya Warren ambayo mimi nilisimama nayo ni hii. Katika maandishi yake ya mwaka 1943 na 1946 hakuomba tu vitanda na viti. Alitaka wazee wawekwe ndani ya hospitali za kawaida, na wanafunzi wa udaktari wafundishwe hapo, kando ya hivyo vitanda. Alikuwa ameelewa kwamba ukirekebisha wadi moja umerekebisha wadi moja. Ukimrekebisha mwanafunzi, umerekebisha kila wadi ambayo ataingia maisha yake yote.

Uingereza ilipoanzisha huduma yake ya afya ya taifa mwaka 1948, nyumba hizo za maskini zikaingia mikononi mwa serikali, na madaktari bingwa wa wazee wakaanza kuajiriwa. Wenzao waliwadharau, waliwaona kama madaktari waliokosa kazi nyingine. Ilichukua hadi mwaka 1965 ndipo Chuo Kikuu cha Glasgow kikamfanya Ferguson Anderson kuwa profesa wa tiba ya wazee, wa kwanza duniani. Hesabu: kutoka jina la 1909 hadi profesa wa kwanza ni miaka 56. Mtoto aliyezaliwa Nascher akiandika alikuwa anakaribia kustaafu.

Wanafundishwa nini hasa?

Nilidhani ni mambo ya mashine kubwa. Kumbe mengi ni vitu ambavyo ungefanya kwa sitting room.

Bernard Isaacs, ambaye alifanya kazi Glasgow kabla ya kuwa profesa Birmingham, aliwafunza wanafunzi kuhusu majitu manne ya uzee: kushindwa kutembea, kuanguka, kushindwa kuzuia haja, na akili kuchanganyikiwa. Ujanja ni kwamba hayo manne si majibu. Ni milango. Nyuma ya kila mlango kuna sababu, na sababu inaweza kuwa homa ya mapafu, maambukizi ya mkojo, au mfuko wa dawa.

Marekani, mwaka 1963, Sidney Katz na wenzake huko Cleveland walichapisha njia ya kupima kama mzee anajimudu kwa mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda choo, kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Mwaka 1991 kukatoka kipimo cha kusimama na kutembea: mzee anaamka kwenye kiti, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa. Unahesabu sekunde. Zikifika 12 au zaidi, jua anaweza kuwa kwa hatari ya kuanguka. Mwaka huo huo daktari Mark Beers na wenzake walitoa orodha ya dawa ambazo wazee hawafai kupewa ovyo, na orodha hiyo inaendelea kusasishwa hadi leo. Zile tembe za zamani za kuwashwa ziko ndani. Shosho alikuwa anameza kitu ambacho watu walishaonya kabla mimi sijazaliwa.

Kisha kuna tofauti ambayo ilituponyoka sisi wote nyumbani. Kusahau kunakokuja kwa miaka ni jambo moja. Kuchanganyikiwa kunakokuja kwa siku au wiki ni jambo lingine kabisa, na hilo la pili ni dharura. Ndiyo maana swali la "ilianza lini" lilikuwa na uzito kuliko picha yoyote ya eksirei.

Marekani pia ilikuwa na mtu wake wa kupiga kelele, Robert Butler. Alilelewa na babu na nyanya yake, akaingia chuo cha udaktari akashtuka kusikia majina ambayo wazee walikuwa wanaitwa huko. Mwaka 1969 aliupa ubaguzi wa umri jina lake la Kiingereza, akiuweka kando ya ubaguzi wa rangi na wa jinsia. Mwaka 1982 alianzisha idara ya kwanza kamili ya tiba ya wazee katika chuo cha udaktari Marekani, pale Mount Sinai, New York, mji ule ule wa Nascher. Na mwaka 2009 walimu wa huko walichapisha orodha ya mambo 26 ambayo kila mwanafunzi lazima ayaweze kabla ya kumaliza, hata kama anaenda kuwa daktari wa macho au wa mifupa. Waliandika wazi kwamba wanataka nyanya awe salama tarehe 1 Julai, siku ambayo madaktari wapya wa Marekani huanza kazi. Napenda hiyo. Si falsafa. Ni shosho, na tarehe.

Na hapa kwetu?

Chuo cha udaktari cha Nairobi kilianza mwaka 1967. Nchi ilikuwa changa na watu wake vijana, watoto walikuwa wanakufa na surua na malaria, akina mama wanakufa wakijifungua. Masomo yakajengwa juu ya nguzo nne ambazo intani yeyote anazijua: tiba ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi. Siwezi kulaumu mtu kwa hilo. Ilikuwa sawa kwa wakati wake.

Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi Kenya. Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inasema wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Waliofika 70 walianza kuandikishwa kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Yaani tumewahesabu, tumewaandika kwa Katiba, hata simu zao tunazo. Lakini wakiingia hospitali wanaingia ndani ya tiba ya ndani kama mtu mwingine yeyote, na kama mwanafunzi atajua kuwaangalia au la, inategemea alipata mwalimu gani.

Na gharama ya kutojua si kuanguka peke yake. Kilifi na Kisii, wazee wameuawa wakiitwa wachawi. Siwezi kusema kila mmoja wao alikuwa mgonjwa, na hata kama hawakuwa, hakuna anayestahili hilo. Lakini fikiria mzee anayeongea na marehemu usiku, anatoka nje bila kujua yuko wapi. Mahali ambapo hakuna aliyefunzwa kuuliza "ilianza lini," mtu mwingine atatoa jibu lake. Kwetu jibu lilikuwa kicheko. Kwa wengine ni panga.

Najua kuna msee ataniambia: hatuna madaktari wa kutosha, wodi za watoto zimejaa, wewe unataka wazee? Haki, nimelifikiria hilo. Lakini angalia tena kilichomwokoa shosho. Kiti. Mfuko wa dawa. Mashine ya presha iliyokuwepo tayari. Swali moja. Siombi jengo. Naomba kila mwanafunzi wa udaktari na wa unesi na wa klinikal ofisa apewe wiki kadhaa za lazima na wazee, chini ya mtu anayejua, na apimwe kwa mtihani kama anavyopimwa kuhusu watoto. Hao wazee si wageni hospitalini. Wako hapo tayari, vitandani, wanangoja kufundishia.

Na sisi wa kitaa tuna masomo yetu pia. Wikendi hii ukienda ocha, mwombe shosho au guka akuonyeshe dawa zake zote. Zote, hata za kemisti. Soma yale maandishi madogo. Ukiona jina moja mara mbili, usimtoe dawa wewe mwenyewe, mbebe na huo mfuko hadi kwa daktari. Muulize kama ameanguka mwaka huu, juu wengi huficha. Akianza kuchanganyikiwa ghafla, hiyo si kontenti. Mpeleke siku hiyo hiyo, na ubebe tarehe.

Daktari akikuambia ni uzee tu, muulize kwa heshima: "Daktari, ni nini kingine umeangalia?"

Shosho amerudi Kinangop. Anatumia tembe moja ya presha na bado ananiita mzee wake. Nilimwambia nimefuta ile video. Akauliza ni video gani. Nikaogopa kidogo, halafu akacheka. Alikuwa ananijaribu.